Tulivyokwenda Kampala Bila Mzigo Wala Shughuli

Kwa sisi tunaoishi Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, Kampala ni mahali pa kufuata bidhaa, hati au daktari, na ndiyo maana majirani waliposikia kwamba mimi na mume wangu tunakwenda huko mwisho wa juma, waliuliza kwanza tunakwenda kununua nini. Mimi nina duka, naye ni wakala wa forodha ambaye simu yake haijui usiku wala mchana. Tulichokitafuta ni nafasi ya kuzungumza kama watu waliochaguana, si kama wabia waliobakiwa na hesabu za karo na shehena, na niliamini tangu mwanzo kwamba kikwazo kikubwa kisingekuwa fedha bali zile shughuli ambazo mji ule humtwika kila anayeuingia.

Kwa hiyo maandalizi yangu yalikuwa ya kukataa zaidi kuliko ya kupanga. Nilikataa kubeba orodha ya Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya mji ambako sisi wafanyabiashara wadogo hupotelea kutwa nzima, na nikakataa pia maagizo ya marafiki waliotaka niwaletee viatu na vitambaa. Jambo gumu zaidi lilikuwa shangazi wa mume wangu anayekaa Kawempe. Baada ya mjadala mrefu tulikubaliana asijulishwe mapema, kwa kuwa mgeni ambaye ndugu wamekwisha kujua amefika hawezi kulala gesti bila kuonekana amewadharau, na akienda kusalimia tu atazuiwa mpaka chakula cha usiku. Wapo watakaoona huo ni utovu wa adabu. Mimi naona si utovu, mradi deni la salamu lilipwe. Watoto walibaki na wifi yangu, ambaye peke yake aliruhusiwa kutupigia saa yoyote, na wateja wa forodha waliambiwa kwamba simu itapokelewa asubuhi na jioni tu.

Hatukuondoka Ijumaa jioni, ingawa wengi hufanya hivyo, kwa sababu barabara ya Jinja kuanzia Mukono mpaka mjini huziba magari saa hizo, na watu wawili waliokaa jamu kwa muda mrefu hushuka wakiwa hawataki hata kutazamana. Tulipanda basi Jumamosi alfajiri, safari ya karibu kilomita 200, tukavuka Nile kwa daraja jipya la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018, tukanunua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kupitia dirishani pale Namawojjolo, na adhuhuri tulikuwa tumekwisha kupata chumba. Bajeti yetu ilikuwa shilingi 600,000 za Uganda na sehemu kubwa ilikwenda kwa chumba hicho, katika gesti tulivu kwenye mteremko wa Namirembe, nami sikuijutia hata senti. Chumba cha bei nafuu karibu na paki za teksi, kama wanavyoyaita mabasi madogo ya abiria, kina makelele ya makondakta tangu alfajiri, na mapumziko gani hayo?

Kampala ni mji wa vilima, na kutoka kilima kimoja hadi kingine jamu inaweza kukumalizia nusu ya siku, hivyo niliamua kwamba kila siku tubaki upande mmoja wa mji. Jumamosi ilikuwa ya vilima vya magharibi. Tulitembea kwa miguu hadi Old Kampala, tukaswali Alasiri katika Msikiti wa Taifa, ule ulioanzishwa enzi za Idi Amin katika miaka ya 1970 na kukamilika miongo mitatu baadaye kwa fedha za Muammar Gaddafi, kisha tukalipa kiingilio cha wageni na kupanda mnara. Ngazi zake huzunguka bila kuonyesha mwisho. Mume wangu, ambaye kiti cha ofisi kimemwongezea tumbo, alinishika mkono kwa kisingizio cha kunisaidia, na hakuuachia mpaka juu. Kutoka hapo mji wote unajieleza wenyewe: kuba la kanisa la Namirembe, minara miwili ya kanisa la Rubaga, Kololo kwa mbali, na chini kabisa teksi nyeupe zilizobanana katika paki. Aliponionyesha kwa kidole mapaa ya Kikuubo, nilimwambia, "Baba Zaituni, mimi pale leo sipajui."

Jioni tulichukua gari kwa simu hadi Bulange, linakokaa bunge la Buganda, tukaifuata kwa miguu ile barabara iliyonyooka mpaka lango la Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, yenye sanamu za wanyama na vitu vilivyo miiko ya koo za Waganda pembeni na mzunguko wa Nnantawetwa katikati, ambao Kabaka pekee hupitishwa katikati yake. Tuliuzunguka kama raia wengine. Chakula cha usiku tulikipata Kisenyi kwa Wasomali, wali na mbuzi na ndizi mbivu pembeni, halali bila kuuliza maswali. Wanaodhani kwamba mapenzi yanahitaji hoteli ya Kololo yenye mishumaa wanajinyima sinia la namna hiyo.

Jumapili tulihamia kaskazini. Katika kilima cha Kikaaya lipo hekalu la Wabahá'í, la kwanza barani Afrika, lililofunguliwa mwaka 1961, lenye pande tisa na bustani pana ambayo mtu wa dini yoyote huruhusiwa kuingia, ilmradi aheshimu utulivu wake. Ndani husomwa maandiko ya dini mbalimbali na kwaya huimba bila ala yoyote. Tulikaa kwenye majani mpaka jua likapinda, tukazungumza mambo ambayo nyumbani hukatizwa na mtoto au na simu, na ambayo sitayaandika hapa.

Kutoka hapo si mbali hadi kituo cha Ndere, eneo la Kisaasi, ambako Jumapili jioni huwa na onyesho la ngoma za Uganda nzima chini ya anga. Ningemshauri yeyote mwenye mwenza afike mapema na kukaa mbele. Katika runyege ya Wanyoro na Watooro, wanaume hufunga njuga miguuni na kukanyaga kwa kishindo wakishindania wasichana, kwa maana ngoma hiyo asili yake ni ya kutafutia mchumba. Larakaraka ya Waacholi nayo ni ya uchumba vilevile. Mume wangu alitazama miguu ile kwa makini, kisha akaniambia kwamba yeye alinipata kwa maneno tu kwa sababu Mungu alimwonea huruma.

Jumatatu tuliondoka kabla ya kupambazuka, tukitoka mjini wakati magari mengine yote yanaingia. Tulipopita Lugazi tukampigia shangazi. Alinuna, akatusema vilivyo, kisha akauliza kwa sauti ya chini onyesho la Ndere huanza saa ngapi na kama viti vyake vinamfaa mzee mwenye magoti mabovu.