Siku bosi alipozima tivii

Novemba 16, 2013, ilikuwa Jumamosi, niko jikoni kwenye kiduka kimoja cha kebabu Berlin nakata vitunguu, kibarua changu cha wikiendi enzi za chuo. Bosi alikuwa Mkurdi wa Uturuki, mpole, ila chelewa dakika 5 uone. Siku hiyo hata wateja hakuwa na habari nao, macho yote kwenye tivii: Şivan Perwer, mwimbaji wa Kikurdi, yuko jukwaani Diyarbakır, mara ya kwanza kukanyaga Uturuki tangu akimbie mwaka 1976, yaani miaka 37 mtu anaimba Ulaya huku kwao kukutwa na kaseti yake tu ni kesi.

Hizo kaseti bosi alishanisimulia. Ya kwao ilikuwa na "Kîne Em", maana yake Sisi ni nani, maneno ya mshairi Cegerxwîn ambaye naye alifia ugenini huko Sweden, na baba yake aliiviringisha kwenye nailoni akaifukia bandani kwa mbuzi sababu baada ya mapinduzi ya 1980 wanajeshi walikuwa wanapekua kila kitu. Usiku wanaifukua, sauti chiiini, yeye mtoto anawekwa mlangoni, mbwa akibweka tu anapiga mluzi redio inazimwa. Ndo maana nyimbo zote anazijua nusunusu.

Sasa mimi nikajua leo sherehe, nikafuta mikono nikamwambia kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, hongera bosi, mtu wenu karudi. Akaniangalia kama nimemtukana mamake. Karudi? Huoni kasimama na nani? Pale walikuwepo Erdoğan, waziri mkuu wa Uturuki wakati huo, na Barzani, kiongozi wa Wakurdi wa Iraq, akasema hizo ni kura zinatafutwa. Halafu akaniuliza kama najua leo tarehe ngapi. Kumbe tarehe hiyohiyo mwaka 2000 ndo mwimbaji Ahmet Kaya alifariki Paris, kosa lake mwaka 1999 alisema kwenye hafla ya tuzo kwamba atarekodi wimbo wa Kikurdi, watu wakamrushia uma na visu vya mezani, ikabidi ahame. "Huyo atarudi lini? Yuko Père Lachaise, kaburini."

Akazima tivii. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu kimya.

Hazikupita dakika mbili nikasikia sauti ya Perwer tena, ndogo mno, nikachungulia. Tivii imewashwa, bosi hata haiangalii, kasimama mlangoni anatazama barabara.