Mwaka wa Pili Baada ya Mtunya

Desemba 2017 tulikaa watu wanne kwenye meza moja, jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, tukiwa na daftari la kaunta, kalenda ya mwaka unaokuja na chupa ya chai. Tulikuwa tumepewa ukumbi mdogo bila malipo, Jumamosi moja jioni kila mwezi, tuendeshe mihadhara ya wazi kwa yeyote atakayependa kuja. Mwaka ule tuliokuwa tunaumaliza tulikwenda bila mpangilio, leo kilimo cha zabibu, mwezi ujao afya ya meno, na watu walikuwa wakituuliza hasa tunafundisha nini. Mwalimu, mstaafu wa somo la historia na mwenyekiti wetu, akashauri mihadhara yote ya 2018 tuifunge kwenye kumbukizi: kila mwezi tukio moja linalotimiza miaka yake.

Kutafuta matukio niliachiwa mimi. Ni kazi tamu, lakini ina miiba. Nilianza kwa hesabu ya kutoa: 2018 toa 50, toa 75, toa 100. Mapema tu nikaona kwamba namba nzuri na habari nzuri hazifuatani. Mradi wa karanga wa Kongwa, ule Waingereza waliouanza 1947 wakautelekeza 1951 baada ya ardhi na ukame kuwashinda, ungetufaa kuliko yote. Kongwa si mbali, na wapo wazee waliokulia kando ya yale matrekta. Lakini miaka 70 yake ndiyo ilikuwa inaisha mwezi huohuo, nasi tulikuwa tumeongelea meno. Iliniuma sana.

Halafu tarehe zenyewe. Azimio la Arusha watu wengi tunalitaja kwa 5 Februari 1967, siku lilipotangazwa, ilhali Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha 29 Januari. Ukishabandika tangazo ukutani lazima uwe unajua unakumbuka lipi. Na kuna msimu: huku kwetu mvua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, na mkulima hawezi kuacha palizi akaja kusikiliza mhadhara, hata uwe mzuri namna gani. Mambo mazito niliyasogeza baada ya mavuno.

Orodha yangu ilikuwa safi. Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, miaka 45. Kifo cha Mtwa Mkwawa, 19 Julai 1898, miaka 120. Mwalimu aliisoma yote kimyakimya, akaivua miwani.

"Kuna kipi humu," akaniuliza, "ulichokisikia nyumbani kwenu kabla hujakisoma shuleni?"

Sikuwa na jibu. Nilinyamaza, nikiangalia mwandiko wangu mwenyewe. Ndipo akanijia bibi.

Mwaka 2015, walipokuja Mvumi kuandikisha wapiga kura kwa mashine za alama za vidole, mimi ndiye niliyempeleka. Kidole gumba chake kilikuwa kimelika kwa miaka mingi ya jembe na mchi, mashine haikioni. Alikifuta kwenye kanga, akakibonyeza tena, akakifuta tena. Karani, kijana mpole tu, akamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Bibi akajibu bila kusita: "Mama alinizaa mwaka wa pili baada ya Mtunya, mtama ukiwa umeanza kuinamisha vichwa." Karani akanigeukia mimi. Nikapiga hesabu, nikamwambia aandike 1922. Siku na mwezi akajaza 1 Januari. Bibi alikuwa ametaja majira yake sawasawa, mtama kuinama ni habari ya mwezi wa nne au wa tano, na mimi niliyeielewa lugha hiyo nikaacha iandikwe Januari, wakati mtama ndiyo kwanza unapandwa. Alifariki mwaka uliofuata, na kadi ile ninayo mpaka leo.

Mtunya ni njaa iliyoishika Ugogo, nchi ya Wagogo huku kwetu Dodoma, kati ya 1918 na 1920. Haikuletwa na mbingu peke yake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopita hapa, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Jeshi la upande wa Waingereza lilipoiteka Dodoma Julai 1916, nalo likachukua vilevile. Wapagazi wa vita hivyo ndio walioliachia jina eneo la Kariakoo kule Dar es Salaam. Ghala zikabaki tupu, kisha mvua zikakosekana, na juu ya hayo ikaja ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima mwaka 1918. Miaka 100 kamili, na mimi mtoto wa Ugogo sikuwa nimeuweka kwenye orodha.

Taabu ikawa siku. Njaa haina tarehe ya kuanza. Nikaikopa ya vita: 25 Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Kwetu vita viliisha hivyo kwenye karatasi huku watu wakiendelea kufa. Tukachagua Jumamosi ya 24 Novemba. Mwezi huo nao ghala huwa zimepungua na kila mtu anaangalia mawingu, kwa hiyo sikuona haja ya kutafuta siku nyingine.

Mihadhara mingine ilikwenda vizuri, sina ya kusimulia sana. Aprili 26 Rais Magufuli aliutangaza mji wetu kuwa jiji, na mhadhara wetu wa makao makuu uliofuata Mei ukajaza viti.

Kumpata msemaji wa Novemba ndiko kulikonitoa jasho. Mhadhiri wa kueleza vita tulimpata mara moja. Niliyemtaka zaidi ni mama mkubwa, binti wa kwanza wa bibi. Nilimfuata Mvumi mara tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na lilelile?"

"Lilelile, mama."

"Mimi si msomi, mwanangu. Nitawaambia nini watu wa mjini?"

"Yale aliyokuambia bibi."

Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba hatasimama kwenye kipaza sauti. Tukampelekea kigoda.

Jioni ile mhadhiri alizungumza nusu saa, vizuri kabisa. Kisha mama mkubwa akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na ukumbi mzima ukamwitikia. Akaeleza jinsi ngozi ya kulalia ilivyokatwa vipande ikachemshwa tangu asubuhi mpaka jioni, na watoto wakanywa mchuzi wake kwanza kwa sababu nyama ya ngozi ilikuwa haijalainika. Akaeleza ubuyu ulivyotwangwa pamoja na mbegu zake. Halafu akamtaja mdogo wake nyanya yake, mvulana aliyekuwa hajang'oa meno ya utotoni, aliyepelekwa kwa watu wenye chakula, baba yake akarudi na kibuyu cha mtama. Mvua ziliporudi walikwenda kumfuata, hawakuwakuta wale watu. Alilitamka jina la yule mtoto. Nilikuwa sijawahi kulisikia, na nilikuwa nimelala nyumba moja na bibi miaka sita.

Tulipofunga, watu hawakutoka. Mzee mmoja wa Bahi alikuja mezani akaniuliza kama naandika. Nikafungua daftari la kaunta, ukurasa uliofuata ile orodha yangu. Akasema baba yake alizaliwa Mtunya unaanza, na kwamba alikuwa na dada wawili, akanitajia majina yao polepole, akisubiri nimalize kila moja. Nyuma yake alikuwa amesimama mama mwenye mtoto mgongoni, na nyuma ya huyo wengine. Mlinzi alikuja na funguo, akatazama foleni, akavuta kiti akakaa. Kisha naye akasogea nyuma ya mtu wa mwisho.