Nilivyochagua breki mpya baada ya zile za zamani kunigomea mteremkoni

Mkono wa breki ulikuwa mgumu kama jiwe. Nalikumbuka hilo kuliko kona yenyewe. Nilikuwa nimeshuka kimo cha mita 450 kwenye njia ya mawe na mizizi, mteremko mmoja mrefu usio na pa kupumulia, na kwenye kona ya mwisho nikabana breki kama nilivyobana kona zote zilizotangulia. Mkono haukuzama wala haukulegea. Baiskeli ndiyo haikupunguza mwendo. Nikaongeza kidole cha pili, nikaongeza cha tatu, nikaipita kona na kuingia vichakani. Nilitoka na mikwaruzo kwenye kiwiko na goti lililovimba siku nne.

Mwenzangu ninayeendesha naye, ambaye baiskeli zake zote huzifungua na kuzifunga mwenyewe, alifika nikiwa bado nimekaa chini. Alipoona goti linakunjika akainamia gurudumu la mbele.

"Dada, sogea unuse. Lakini diski usiiguse."

Harufu ilikuwa kali, kama klachi ya lori lililokwama matopeni.

"Pedi zimeungua," akasema. "Mafuta yako hayana neno."

Sikumwelewa siku hiyo. Kwangu mimi breki ilikuwa imekataa, basi. Lakini maneno yake ndiyo yaliyoniokoa nisikimbilie kununua kitu nisichokihitaji. Breki ya mafuta, ambayo mafuta yake husukuma pedi zikaibana diski ya gurudumu, inaweza kukugomea kwa namna tofauti, na kila namna ina dawa yake. Mafuta yakichemka, au hewa ikiwa imeingia ndani, mkono hulegea mpaka unagusa usukani, kwa sababu mvuke na hewa hubonyea ilhali mafuta hayabonyei. Mkono ukibaki mgumu na baiskeli haisimami, maana yake nguvu ya kidole inafika kwenye pedi, ila pedi zenyewe hazishiki tena. Yangu ilikuwa hii ya pili.

Usiku ule nilizitoa pedi za mbele. Uso wake uling'aa kama mbao iliyopigwa vanishi, na nilipopitisha ukucha ukateleza bila kukwaruza chochote. Diski ilikuwa na mawimbi ya rangi ya samawati na kahawia pale pedi zinapopita. Ilikuwa ya kipenyo cha milimita 160, ile iliyokuja na baiskeli. Na kwenye moja ya miguu yake kulikuwa na maandishi madogo niliyokuwa sijawahi kuyasoma kwa miaka miwili: onyo kwamba diski hiyo ni ya pedi za rezini tu. Chuma cha diski za namna hiyo ni laini, pedi za metali hukila upesi.

Nikachukua karatasi kupiga hesabu. Mimi, baiskeli, maji na zana ni kilo 98. Kilo 98 mara 9.8 mara mita 450 ni kama kilojuli 432. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji kilojuli 335 hivi. Kiasi fulani cha nishati hiyo kilikwenda na upepo na matairi, lakini kwenye njia ya mwinuko mkali unayoshuka polepole, sehemu kubwa inaishia kwenye bati mbili za chuma zenye unene wa milimita 1.8. Nilikuwa nimechemsha sufuria ya maji kwa breki. Tangu hapo sijaweza kuiangalia diski bila kuwaza moto.

Niliowaeleza habari hii wengi walinipa jibu moja: nunua breki za pistoni nne, yaani zenye vidude vinne vya kusukuma pedi. Ni breki nzuri, na mwishowe nilizinunua, lakini sikuanza nazo. Nilianza na diski.

Diski kubwa inafanya kazi mbili. Kwanza inaipa kalipa, ile koleo inayobeba pedi, mkono mrefu zaidi wa kushikia gurudumu: kutoka milimita 160 hadi 203 ni ongezeko la karibu asilimia 27 kwa nguvu ileile ya kidole, na kutoka 160 hadi 180 ni asilimia 12.5. Pili, ina chuma kingi zaidi cha kubeba joto na eneo kubwa zaidi la kulitoa hewani. Kwa mtu ambaye pedi zake zimeungua, hiyo ya pili ndiyo habari kubwa. Nikaamua mbele 203, nyuma 180. Mbele ndiko uzito unakokwenda unapobana breki, na ukiwa unateremka unakwenda zaidi, kwa hiyo hakuna haja ya ukubwa kulingana.

Kabla ya kununua, soma fremu na foki yako, ule uma wa mbele. Kila foki ina kikomo cha ukubwa wa diski, na nyingine zina kiwango cha chini pia. Yangu ilikubali 203. Fremu yangu mwisho wake nyuma ni 180, na hapo sikubishana nayo. Kikomo hicho kimewekwa kwa sababu ya nguvu inayovuta pale kalipa inapofungwa, na fremu ikipasuka pale huwezi kuirudisha. Kisha angalia habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kuna habu za bolti sita na kuna za Center Lock, ambazo diski huvalishwa kwenye meno na kukazwa kwa ringi moja. Mwenye habu ya Center Lock anaweza kufunga diski ya bolti sita kwa adapta. Mwenye habu ya bolti sita hana njia ya kurudi upande wa pili.

Na jambo moja dogo linalowasumbua wengi: 200 na 203 si kitu kimoja. Kampuni ya SRAM wanatengeneza 200, wenzao Shimano wanatengeneza 203. Tofauti ni milimita moja na nusu tu kutoka katikati hadi ukingoni, lakini adapta ya kalipa isipolingana na diski, pedi itaning'inia nje ya ukingo au itakula miguu ya diski. Pima, usikadirie.

Kwenye diski mpya nikaweka pedi za metali mbele, nyuma nikabaki na za rezini. Pedi za rezini hushika tangu mguso wa kwanza na hazipigi kelele, ila kwenye matope na mvua huisha haraka, na zikizidiwa na joto hufanya kama zilivyonifanyia. Za metali huvumilia moto na tope, ila zinataka zipate joto kidogo ndipo zishike vizuri, na zikilowa hulia. Mimi kelele nimezikubali.

Nikarudi mteremko uleule. Nilisimama kabla ya kona ya mwisho na kunusa. Hakukuwa na harufu. Kona ikakatika vizuri, na nilifurahi sana.

Lakini vidole vilikuwa vinatetemeka. Nilipojaribu kufungua chupa ya maji, kifuniko kilinishinda. Joto lilikuwa limetibiwa, na kumbe chini yake kulikuwa na tatizo jingine: vidole vyangu ni vifupi, na mikono ya breki zile ilikuwa mbali na usukani kiasi kwamba nilikuwa nabania kwa ncha ya kidole. Ukibana kwa ncha unatumia nguvu nyingi kupata kidogo. Kidole cha shahada kinatakiwa kikae kwenye ule mkunjo wa mwisho wa mkono wa breki, na mkunjo wa kwanza wa kidole ndio uvute. Niliisogeza mikono ndani kabisa, mpaka skrubu ikafika mwisho, bado haikutosha.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta breki nzima. Nilikuwa nataka mambo mawili tu: mkono unaosogea karibu na usukani, na breki inayosimamisha kwa kidole kimoja kwa muda mrefu. Pistoni nne zina maana kwa hilo la pili, kwa sababu pedi yake ni ndefu, inashika eneo kubwa la diski, na joto linagawanyika.

Swali lililobaki lilikuwa la mafuta. Shimano na Magura wanatumia mafuta ya madini. Hope wanatumia mafuta ya aina ya DOT, na SRAM kwa miaka mingi walitumia DOT kabla ya kuanza kutoa na breki za madini kama Maven ya 2024. DOT inavuta unyevu kutoka hewani, na kadiri inavyouvuta ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka: DOT 5.1 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 260, lakini ikishachanganyika na maji kiwango hicho ni 180 tu. Kwa hiyo hubadilishwa mara kwa mara, na ikidondokea rangi ya fremu inaibabua. Mafuta ya madini hayavuti maji, ila maji yakipenya hayachanganyiki nayo. Hutuama chini, na chini ni kwenye kalipa, kwenye moto, na yenyewe huchemka kwa nyuzi 100. Hakuna yaliyo salama kwa mvivu. Mimi nachukua ya madini kwa sababu natoa upepo (hewa iliyonasa ndani ya mafuta) mwenyewe na ngozi yangu haipendi DOT. Ila usije ukatia moja mahali pa jingine hata tone: sili za ndani huvimba na breki imekwisha.

Nikachagua Shimano SLX M7120, pistoni nne, mikono ya M7100 inayosogezwa bila zana yoyote. Ina ule mfumo wanaouita Servo Wave: mwanzo wa kubana, pedi huikimbilia diski haraka, halafu nguvu ndiyo inaongezeka. Kwa kidole kifupi, hiyo ni zawadi.

Kufunga kulinichukua jioni mbili. Jioni ya pili ilikuwa ya kutoa upepo. Nimefungia kikombe juu ya mkono wa breki, nasukuma mafuta kutoka chini kwa bomba la sindano, na kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea. Kisha nikagonga mpira wa breki kwa mpini wa bisibisi, polepole kutoka kwenye kalipa kwenda juu, na kiputo kimoja, kidogo kuliko kichwa cha pini, kikatokea kwenye kikombe, kikasita, kikapasuka. Kikafuata kingine. Nilipobana mkono baada ya hapo ulisimama mahali pamoja kila mara.

Kosa nililofanya ni kuacha pedi za nyuma zikiwa ndani wakati wa kazi ile. Tone moja likateremka. Kesho yake breki ya nyuma ililia njia nzima na haikushika. Nikazipiga msasa, nikazifuta kwa spiriti, nikazipasha moto. Zilishika siku moja zikarudia. Pedi iliyonyonya mafuta haiponi. Nilizitupa, nikaisafisha diski kwa spiriti na kitambaa kipya, nikaweka nyingine. Sasa kabla ya kufungua skrubu yoyote ya mafuta, gurudumu linatoka, pedi zinatoka, na kipande cha plastiki kinawekwa katikati ya pistoni.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Nilikwenda kwenye mteremko mpole, nikakimbiza baiskeli, nikabana sawasawa mpaka karibu kusimama bila kufunga gurudumu, nikarudia kama mara ishirini na tano kwa kila breki. Mara tano za kwanza unaweza kudhani umepata breki mbovu. Kufika ya kumi na tano unaisikia inabadilika mkononi.

Nimeshuka njia ile mara kumi na moja tangu hapo. Chupa ya maji naifungua bila shida. Diski ya mbele niliipima jana: milimita 1.7, na ikifika 1.5 inatoka. Pedi za nyuma ndizo zimekaribia kuisha, zimebaki kama milimita moja ya kushika. Nimeshaagiza nyingine, safari hii za metali.