Kurudi Lamu wakati wa kusi

Watu wakisikia tunaenda visiwani kujitolea wanauliza ya kule tu, mlitibu wangapi, mlichanja wangapi, ya kurudi hakuna anayeuliza. Mimi naona kurudi ndio kazi yenyewe, hasa miezi hii ya kusi, upepo wa kusini, manake ukitoka Kiwayu kuja Lamu upepo unakupiga usoni na lazima mwende bisho, mnakata huku mnakata kule halafu ukitazama bara mnazi ule ule bado uko pale pale. Ingekua kaskazi, upepo wa kaskazini, ni mambo mengine kabisa, upepo uko nyuma na tanga linavuta lenyewe.

Safari hii tulikua Mkokoni, Kiwayu na Ndau. Presha, sukari, wajawazito, chanjo. Hii ya chanjo huniumiza kichwa kila mara, chupa ya surua na rubela ukishaichanganya una saa 6 tu, ikibaki unamwaga, kwa hivyo wengine husubiri watoto wajae ndio wafungue. Sisi Ndau tulifungua chupa ya watoto 10 na watoto walikua wachache, ningefanya hivyo tena leo. Hao watoto ukiwaambia wangoje boti nyingine, boti yenyewe inakuja lini?

Tukiwa tunajitayarisha kutoka Kiwayu akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, mkono ulivunjika ukafungwa kienyeji na umeunga kombo. Anahitaji eksirei na pale eksirei hakuna. Nahodha hakuuliza maneno mengi, "Pandeni bibi, kaeni huku nyuma, tezini, hapa hamtarowa sana."

Bahari ya nje ya Pate ilikua imechafuka so tukapita ndani. Kila mkigeuza tanga ni wote kusimama, foromali, ule mti unaoshika tanga, inazungushwa upande wa pili wa mlingoti, halafu mifuko ya mchanga inahamishwa kwenda joshini, upande upepo unakotoka, mkono kwa mkono, nesi na baharia hakuna tofauti, na hapo katikati kuna mtu anateka ngama, maji yaliyoingia chomboni. Yule mtoto alitapika mpaka akalala mapajani kwa mwenzetu wa maabara, mkono umelazwa juu ya kanga iliyokunjwa, na kila chombo kikikaribia wimbi mwenzetu anainyanyua ile kanga kidogo ili mkono usigonge. Alikaa hivyo mpaka Manda, hata chai hakunywa.

Bibi akaniambia, "Mwanangu, peke yetu hatungefika." Akanihesabia, boti mpaka Faza kisiwani Pate, kulala kwa watu, kwenda Mtangawanda kutafuta boti ya Lamu, chakula, na ukifika unaweza kuambiwa rudi kesho. "Unauza mbuzi kwanza ndio ujue mkono una nini."

Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, tukakuta maji yamekupwa, ikabidi tungoje yajae ndio tupite. Hapo tumekaa nikawa nafikiria hesabu ya yule bibi. Wafadhili wanapenda kulipia dawa, na dawa ni muhimu sana, lakini nafasi ya mgonjwa kwenye chombo kinachorudi hakuna anayeiweka kwenye bajeti. Umra Omar na shirika lake la Safari Doctors wameshaonyesha hapa hapa Lamu kwamba jahazi linaweza kupeleka matibabu mpaka vijiji vya mbali, wengi wetu tulipata moyo kwao. Basi tuhesabu na kurudi. Nimeomba kila safari tuache nafasi za wagonjwa wa rufaa na mtu wa kuwasindikiza, hata kama itabidi volontia wawili watatu wabaki Lamu.

Eksirei ilipigwa kesho yake, daktari akasema mfupa unyooshwe upya, bibi akakubali. Sasa wako kwa jamaa zao mtaa wa Langoni hapa Lamu wanangoja plasta itoke. Watarudi Kiwayu na sisi, na kwenda kule kusi itakua nyuma yetu.