Siku Dada alipoikata barua yangu ya ufadhili

Mwanzoni mwa 2019 nilipata nafasi katika vyuo viwili hapa Marekani kusomea shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Kimoja kilikuwa cha binafsi, chenye jina kubwa. Kingine cha jimbo, ambacho ukikitaja kwenye sherehe hakuna anayegeuza shingo. Moyo wangu ulishaenda kwenye jina. Nilikuwa nimebeba boksi vya kutosha, nikihudumia wazee zamu za usiku, na nilitaka nikituma nyumbani picha ya joho watu wasiulize ni chuo gani hicho.

Barua ya chuo cha binafsi ilianza kwa pongezi, ikafuatiwa na jedwali lenye kichwa cha ufadhili. Jumla yake ilitosha ada na kujikimu. Nikaipeleka kwa Dada. Nilimwita hivyo kwa heshima tu. Alikuwa ofisa ustawi wa jamii hospitalini, miaka mingi kazini, na ndiye aliyenisukuma niombe. Aliisoma kimya, akatafuta kalamu kwenye mkoba, akakata mstari wa pili. Kisha wa tatu. Ukabaki wa juu peke yake, dola 8,000.

"Huu ndio ufadhili, mdogo wangu. Hiyo miwili ni mikopo. Wameipanga safu moja na msaada ili ukijumlisha ufurahi."

Mkopo wa kwanza ulikuwa ule wa serikali kuu, ambao kwa shahada ya uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Wa pili ndio uliokuwa ukijaza pengo lote lililobaki, na ndio ghali zaidi: mwaka ule riba yake ilifika asilimia 7.08, tena walikata ada ya zaidi ya asilimia 4 kabla hela haijakufikia. (Sheria ya 2025 imeufuta kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026.) Yote miwili huanza kuhesabu riba siku hela inapotoka, wewe ukiwa bado darasani.

Akageuza barua, akaanza kupiga hesabu mgongoni mwake. Chuo cha binafsi, deni la miaka miwili: karibu dola 92,000. Cha jimbo: 38,000.

"Na mshahara?"

Nilikuwa nimejiandaa. Takwimu za serikali zilionyesha mshahara wa katikati wa wafanyakazi wa ustawi wa jamii kuwa chini kidogo ya dola 50,000 kwa mwaka. Akacheka. "Humo ndani tumo na sisi wakongwe. Wewe hesabu wa kuanzia." Tukaandika 44,000, ambazo baada ya kodi na bima zinabaki kama 2,850 kwa mwezi. Deni la 92,000 ukitaka kulimaliza kwa miaka kumi linadai zaidi ya dola 1,000 kila mwezi. Lile la 38,000 linadai kama 420.

Nikamwambia kuna mpango wa marejesho yanayofuata kipato. Akapiga tena: ningelipa kama dola 210 kwa mwezi, huku riba peke yake ikiwa zaidi ya 500. Ningekuwa nalipa kila mwezi na deni linanenepa.

Hapo nikatoa silaha yangu ya mwisho, msamaha wa mikopo kwa wanaotumikia umma, ulioanzishwa kwa sheria ya 2007: malipo 120, kilichobaki kinafutwa. Dada aliweka kalamu chini. Yeye alikuwa amelipa miaka na miaka akiwa hospitali isiyo ya faida, ndipo akaambiwa mkopo wake ni wa aina ya zamani, uliotolewa na benki kwa dhamana ya serikali, na hakuna hata lipo moja lililohesabiwa. Kampuni iliyokuwa ikipokea hela zake haikuwahi kumtajia hilo. Wakati ule, katika kila maombi 100 ya msamaha, karibu 99 yalikuwa yakikataliwa.

"Sisemi haupo. Nasema usikope kwa kuutegemea."

(Wake ulifutwa 2022, baada ya serikali kulegeza masharti. Alinitumia picha ya skrini yenye sifuri, bila neno lolote.)

Jambo ambalo barua zote mbili hazikutaja ni mafunzo kwa vitendo: angalau saa 900, na mara nyingi bila malipo. Saa hizo ni zamu ambazo usingelipwa, na kodi ya nyumba haisubiri. Hilo lilikuwa sawa kwa vyuo vyote viwili, kama mtihani wa leseni ulivyo mmoja kwa wote. Matangazo ya kazi tuliyoyafungua kwenye simu yake yalidai shahada ya chuo kilichoidhinishwa, pamoja na leseni. Jina la chuo halikuwa na ngazi yake ya mshahara.

Nikakikataa chuo cha binafsi kwa barua pepe fupi. Baada ya siku chache wakapiga simu, wakaniongezea dola 3,000, wakanikumbusha kwamba kazi hii ni wito. Nikawauliza wahitimu wao wa mwaka uliopita walianza na mshahara gani. Yule bwana akaahidi kunitumia takwimu. Nilimtajia anwani yangu herufi kwa herufi, akairudia vizuri kabisa. Sijazipata hadi leo.