Nilivyorudishiwa siku zangu na kolaitisi ya vidonda

Kila nilipokwenda kliniki niliulizwa maswali mawili: unakwenda chooni mara ngapi, na damu bado ipo? Ni maswali ya lazima, ugonjwa huu hautibiki bila hayo. Lakini hakuna aliyeniuliza kwa nini nimeacha kwenda misibani, wala kwa nini siku ya safari nashinda na njaa. Hali yangu ilianza kubadilika majibu ya maswali ya namna hiyo yalipoingia kwenye faili.

Ugonjwa wenyewe ni kolaitisi ya vidonda. Kinga ya mwili inaushambulia ukuta wa utumbo mpana, unavimba, unatoka vidonda, unavuja damu na ute. Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa. Yote mawili hayaambukizi, na yote mawili ni ya kudumu: yanaamka, yanalala, yanaamka tena.

Huku kwetu Morogoro choo chenye damu kinaitwa amiba, taifodi au bawasiri, nami nilipewa dawa za vyote hivyo kabla mtu hajaniandikia kipimo cha kamera inayopitishwa utumboni kwa njia ya haja kubwa. Shangazi yangu alikuwa na jibu lake: "Mwanangu, huu ni mkono wa mtu." Sikumbishia. Alisema kwa uchungu wa kuniona nakonda, na yeye huyo huyo ndiye aliyetoa nauli ya kwenda hospitali ya rufaa Dar es Salaam, ambako walipitisha kamera, wakakata vinyama vya kupima, na jina la ugonjwa likajulikana.

Nilianzishiwa sulfasalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, pamoja na vitamini ya foliki asidi. Sulfasalazini inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na heri mtu aambiwe mapema asije akashtuka. Ugonjwa ulipoamka vibaya niliongezewa prednisoloni, dawa ya steroidi inayofanana na homoni ya mwili. Ilinituliza haraka, lakini usingizi ulipotea na uso ukavimba, na dozi yake inashushwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Haikatishwi ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Jambo moja la duka la dawa: ugonjwa huu huleta pia maumivu ya viungo, na ukiyataja dirishani utapewa diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo zinaweza kuuamsha utumbo uliolala. Mimi natumia parasetamoli, na daktari anajua.

Damu ilikoma. Kwa maswali yale mawili ya kliniki nilikuwa nimepona, na bado nilikuwa naishi kwa kuhesabu vyoo.

Kisha alikuja daktari mwingine na karatasi. Ni dodoso lililotoka Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1989: maswali 32 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja na majibu kuanzia 1 hadi 7. Yanauliza habari za tumbo, ndiyo, lakini pia nguvu za mwili, huzuni na wasiwasi, na jinsi unavyoishi na watu. Alinisomea kwa Kiswahili, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye swali la mara ngapi nimeahirisha au kufuta shughuli na watu kwa sababu ya tumbo, nililia. Akaweka kalamu chini akanisubiri, kisha tukaendelea.

Kilichonishangaza ni kwamba majibu yale yalikuwa na dawa. Uchovu ambao nyumbani tuliuita kazi nyingi, alipopima damu, ulikuwa upungufu wa damu. Nikawekewa madini ya chuma kwa dripu. Ile haja ya ghafla, inayokuja bila kukupa nafasi hata ya kuvaa viatu, mara nyingi inatokana na uvimbe uliobaki sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, ambako vidonge peke yake havitoshi. Akaniandikia mesalazini ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa wakati wa kulala. Ni dawa ya aibu mwanzoni, na ni ghali. Haja hiyo ilipotulia, dawa tuliipunguza iwe ya baadhi ya usiku katika wiki. Hakuna kilichonirudishia uhuru kama hiyo.

Yaliyobaki nimeyapanga mwenyewe. Asubuhi ndiyo saa mbaya kwangu, kwa hiyo nilikwenda kwa mkuu wa shule na barua ya daktari, akanitoa kwenye vipindi vya kwanza na kunipa madarasa yaliyo karibu na choo cha walimu. Mwenzangu wa hisabati anajua kwamba nikipita dirishani kwake bila kusalimia, aingie darasani kwangu.

Misiba ilikuwa ngumu zaidi, maana mwanamke asiyeonekana msibani husemwa, na akifiwa yeye watakumbuka. Nilimwambia jirani yangu anayetuongoza akina mama: "Dada, tumbo langu ni ugonjwa wa kudumu. Nikinyanyuka ghafla usiniulize, nionyeshe tu choo kilipo." Akanishika mkono. "Mbona ulinyamaza siku zote, mdogo wangu? Sisi tulidhani umetususa." Siku hizi natuma mchele asubuhi, naenda mchana, na nafasi yangu mkekani inawekwa pembeni karibu na mlango wa uani.

Safari za kliniki zimeokolewa na treni. Basini, choo ni pale dereva atakapokubali kusimama abiria wachimbe dawa, na foleni ya kuingia Dar haina huruma, ndiyo maana nilikuwa sili tangu jana yake. Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ianze kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, nasafiri nikiwa nimekula. Choo kimo ndani ya behewa.

Chakula ni mlolongo wa ushauri unaopingana, na kila mtu ana wake. Ugonjwa ukilala nakula ugali, samaki, mchicha, karibu kila kitu. Ukiamka naweka kando maharage, kabichi, pilipili na maziwa, nabaki na wali laini, viazi vya kuponda, ndizi mbivu na samaki wa kuchemsha. Mgonjwa mwenzangu tunayekutana naye kliniki anakunywa maziwa bila shida, maharage hata kwa dawa hawezi. Mtu aliyekuja kuniuzia unga wa mizizi wa kuniponya kabisa nilimwonyesha mlango.

Sasa nimefika miaka ambayo kamera inarudi kwa sababu nyingine. Kuanzia karibu mwaka wa 8 tangu dalili zianze, hatari ya saratani ya utumbo mpana inabidi ifuatiliwe, hata kama tumbo limetulia. Nimeshapewa tarehe. Dawa ya kusafisha tumbo nitainywea Dar, nyumbani kwa binamu yangu mwenye choo cha ndani, na mkuu wa shule ameshasaini ruhusa.