Tangi la mvua lilivyoacha kunuka

Hapa Jambiani kisima chetu kina chumvi kwa hiyo masika tunakinga mvua, basi mwaka huu tangi likaanza kunuka na ukichota kata moja unaona viluwiluwi vinacheza, mama akagoma hata kufulia. Nkapanda juu ya bati, lo! gata limejaa majani ya mwembe na mavi ya kunguru, na yote yanashukia mle mle. Nkasugua, tangi nkalimwaga nkaliosha kwa klorini, mdomo nkaufunga chandarua kwa mpira wa baiskeli. Sasa mvua ikianza paipu naiweka pembeni kama dakika kumi bati lijioshe ndo nairudisha. Kufulia raha, povu tele! Ya kunywa nachemsha mpaka yatokote.